Barua pepe ya kumbukumbu haipatikani: jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Barua pepe ya zamani hutafutwa siku inapohitajika kwelikweli. Mgogoro wa mkataba umezuka, mkaguzi anadai uthibitisho wa malipo, au mtu amefiwa na anataka kusoma tena alichoandikiwa na marehemu. Anaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, haoni kitu, na moyo unaanza kumwenda mbio. Hapo ndipo uharibifu mkubwa hufanyika. Kwa ile haraka ataondoa akaunti na kuiweka upya, ataendesha zana ya kurekebisha faili, ataburuta folda huku na kule, na barua iliyokuwa imejificha tu itapotea kweli.

Mara nyingi barua hizi zipo. Ama unatazama mahali pasipo pake, ama faharasa ya programu (orodha inayojiandalia kwa ajili ya kutafuta) haizijui, ama faili inayozibeba haifunguki, ama maneno unayoyatafuta hayakuandikwa humo jinsi unavyodhani. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa ya kimoja huweza kuharibu pale ambapo chanzo ni kingine. Ndiyo maana nasisitiza kutambua kwanza, kutengeneza baadaye.

Ikiwa barua zako ziko kwenye kompyuta na si kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma) peke yake, kuna sharti lisiloepukika. Funga programu ya barua kabisa, nakili faili au folda nzima ya barua kwenye diski nyingine, na matengenezo yoyote yafanyie nakala hiyo. Usinakili huku programu iko wazi, kwa sababu faili inaendelea kuandikwa na nakala inaweza kutoka na kasoro.

Jaribio la kuanzia

Chagua barua moja ambayo una hakika iliwahi kuwepo na unakumbuka takriban mwezi wake. Usitumie kisanduku cha kutafutia. Fungua folda, panga kwa tarehe, ushuke kwa macho hadi mwezi huo.

Ukiiona kwa macho lakini utafutaji hauileti, tatizo ni faharasa au maneno uliyoandika. Usipoiona kabisa, angalia kama barua za jirani zake zipo. Zikiwepo za kabla na za baada, barua yako iko folda nyingine au ilifutwa peke yake. Kukiwa na pengo la miezi au miaka mizima, basi kuna faili ambayo haijafunguliwa, au programu imeletewa barua za karibuni tu kutoka kwenye seva. Jaribio hili ni la dakika chache, nalo huokoa saa nyingi za kubahatisha.

Dalili: barua imetoka kwenye kikasha na hujui ilikokwenda

Kwenye Gmail, kuweka barua kwenye kumbukumbu (archive) hakuihamishi popote. Kinachofanyika ni kuondolewa kwa lebo ya Kikasha, na barua inabaki kwenye Barua Pepe Zote pamoja na nyingine zote. Kwa hiyo usitafute folda ya kumbukumbu, haipo. Fungua Barua Pepe Zote, au andika jina la mtumaji kwenye kisanduku cha kutafutia.

Wengi huweka barua kwenye kumbukumbu bila kukusudia. Kwenye simu, kutelezesha kidole juu ya barua kwa kawaida huiondoa kikashani. Chanzo kingine ni kichujio kilichotengenezwa zamani kikasahaulika, chenye amri ya kupitisha barua za mtumaji fulani bila kugusa kikasha. Mtu husema "sikuwahi kuipata ile barua", kumbe aliipata na ikaenda moja kwa moja kumbukumbuni. Fungua mipangilio, pitia orodha ya vichujio, soma kila kimoja.

Outlook inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kuna kumbukumbu za aina tatu zisizohusiana. Ya kwanza ni folda ya kawaida ndani ya kisanduku chako. Barua huingia humo ukibofya kitufe cha kumbukumbu, na katika Outlook ya Windows hata kitufe cha Backspace hufanya kazi hiyo. Ya pili ni faili ya PST, yaani faili moja inayobeba barua nyingi, inayotengenezwa na uhifadhi wa kiotomatiki, kwa kawaida ikiitwa archive.pst, ambayo huishi kwenye diski ya kompyuta ile na si kwingine. Ya tatu ni kisanduku cha ziada kwenye seva, ambacho msimamizi wa mfumo hukiwasha kwa wafanyakazi wa taasisi.

Ya pili ndiyo inayosumbua watu kuliko zote. Mtu hubadilishiwa kompyuta, akaunti yake inafunguka vizuri, barua za karibuni zote zipo, lakini za miaka ya nyuma hazionekani. Ziko kwenye faili ya PST ndani ya kompyuta ya zamani, nayo pengine inasubiri kusafishwa ili apewe mwenzake. Ukiwa katika hali hiyo, acha kusoma, kawazuie wasiisafishe, kisha urudi. Kwenye kompyuta hiyo tafuta faili zote zenye mwisho wa .pst, ukianza na folda ya Outlook Files ndani ya Documents, halafu folda iliyofichwa ya AppData. Zinakili, kisha kwenye kompyuta mpya zifungue kupitia menyu ya faili ya Outlook.

Thunderbird, programu nyingine ya barua, ni rahisi zaidi. Ukibonyeza herufi A, barua huenda kwenye folda ya kumbukumbu iliyogawanywa kwa miaka, na mwaka unaotumika ni wa barua yenyewe, si wa siku uliyobonyeza. Barua ya 2016 itafute kwenye folda ya 2016.

Dalili: barua ipo, lakini utafutaji unaleta orodha tupu

Hapa pana mambo mengi, na yafaa kuyapitia kwa utaratibu.

Kwanza, eneo la utafutaji. Outlook inaweza kutafuta ndani ya folda uliyosimama tu, na faili ya PST uliyoifungua kando haihesabiwi mpaka uchague visanduku vyote. Gmail nayo haitafuti ndani ya Tupio wala Barua Taka usipoiambia. Andika in:anywhere mbele ya maneno yako, nayo itapekua kila mahali.

Pili, nakala fupi ya kompyuta. Outlook iliyounganishwa na seva ya ofisi huweka kwenye diski barua za kipindi fulani tu, mara nyingi mwaka mmoja, ili kuokoa nafasi. Zilizobaki ziko kwenye seva. Ukifika mwisho wa orodha ya folda utaona kiungo cha kuleta zaidi kutoka kwenye seva, na watu wengi hawakioni kwa sababu hawashuki hadi mwisho. Unaweza kurefusha kipindi hicho kwenye mipangilio ya akaunti hadi kufikia barua zote, ila kompyuta itahitaji muda na nafasi ya kuzipakua. Njia ya mkato ni kuingia kwenye barua zako kupitia kivinjari, maana huko unatafuta moja kwa moja kwenye seva.

Tatu, na hili naliona limepuuzwa mno kwa watu wanaoandikiana kwa Kiswahili: mashine hizi hazikutengenezwa kwa kuifikiria lugha inayobeba nusu ya maana yake mbele ya mzizi. Gmail hulinganisha maneno mazima. Ukiandika lipa, haitakuletea barua iliyosema tumelipa, atalipwa au malipo. Outlook hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno, kwa hiyo mali italeta malipo na malipizi, lakini lipa haitaleta nimelipa. Vitenzi vyetu hubadilika mwanzo kila mara, ndiyo maana utafutaji wa kitenzi hushindwa hata pale barua ilipo mbele ya macho.

Dawa ni kutafuta kwa vitu visivyonyambulika: jina la mtu, jina la kampuni, namba ya ankara, namba ya simu, kiasi cha fedha. Kumbuka tu kwamba kiasi kinaweza kuwa kiliandikwa kwa mkato au bila mkato, jaribu vyote viwili. Ukiwa huna budi kutafuta kwa kitenzi, kwenye Gmail orodhesha maumbo yake kwa kuyatenganisha na neno OR lenye herufi kubwa: tumelipa OR nimelipa OR malipo. Thunderbird inakupa nafuu kubwa. Dirisha lake la kutafuta ndani ya folda, linalofunguka kwa Ctrl, Shift na F, hupekua hata kipande cha neno. Lip italeta zote. Kwa kumbukumbu kubwa zilizoandikwa kwa Kiswahili, sababu hii peke yake inatosha kuzipakia kwenye Thunderbird kwa ajili ya upekuzi.

Alama ya ritifaa nayo inasumbua. Simu na programu za kuandikia hubadilisha ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda. Barua yenye ng’ombe wa alama iliyopinda huenda isijitokeze ukitafuta kwa alama iliyonyooka. Badala yake tafuta neno lingine lililo katika barua hiyohiyo.

Nne, faharasa yenyewe. Programu haisomi barua zako moja moja kila unapotafuta, hutazama orodha iliyojiandalia. Orodha ikikatika katikati, barua zilizoingia baada ya hapo hazijulikani. Ishara yake ni kwamba utafutaji unaleta za kipindi fulani na kuziruka za kipindi kingine. Kwenye Outlook ya Windows, bofya ndani ya kisanduku cha kutafutia, fungua zana za utafutaji, angalia hali ya faharasa. Ikikuambia kuna maelfu ya vitu bado, iache kompyuta ikiwa imewashwa na Outlook iko wazi, isubiri. Ikisema imemaliza na bado barua hazipatikani, ijenge upya kupitia mipangilio ya faharasa ya Windows. Kazi hiyo inaweza kula saa nyingi, na utafutaji utakuwa mbovu zaidi mpaka iishe. Usiikatize katikati.

Kwenye Thunderbird kuna faharasa mbili. Ya jumla ni faili ya global-messages-db.sqlite ndani ya folda ya wasifu (profile), inamowekwa data yako ya Thunderbird: funga programu, iondoe, fungua tena, itajijenga yenyewe. Ya kila folda ni faili yenye mwisho wa .msf, na hii hujengwa upya ukibofya folda kwa kitufe cha kulia, ukaingia kwenye sifa zake na kuchagua kurekebisha. Tahadhari: pembeni ya kila .msf kuna faili yenye jina lilelile bila mwisho wowote. Hiyo ndiyo barua zenyewe. Ukiifuta hiyo umefuta folda.

Dalili: faili ya kumbukumbu haifunguki, au programu inaganda inapoifungua

Angalia ukubwa wake kabla ya jambo lingine. Faili za PST za mtindo wa zamani, zilizotengenezwa na Outlook kabla ya toleo la 2003, zina ukomo wa GB 2, na zikiukaribia huanza kuharibika. Mtindo uliofuata uliwekewa ukomo wa GB 20, na kuanzia Outlook 2010 ukomo wa kawaida ni GB 50. Faili kubwa huweza kufunguka hata ikiwa karibu na ukomo, ila kila kitu kinakuwa kizito. Ukiona hivyo, igawe kwa miaka.

Kisha angalia ilipo. PST iliyowekwa kwenye folda ya mtandao wa ofisi, au ndani ya folda inayolandanishwa na wingu kama OneDrive, ni chanzo kinachojulikana cha uharibifu. Outlook huishika faili muda wote, huku kile kinacholandanisha nacho kinataka kuishika. Ihamishie kwenye diski ya kompyuta yenyewe, weka nakala kwenye wingu baada ya kufunga programu.

Baada ya hapo ndipo ufikirie kurekebisha. Microsoft huweka pamoja na Outlook zana iitwayo scanpst.exe. Inafanya kazi, lakini elewa inavyofanya: isichokielewa inaweza kukitupa, na inachookoa bila kujua mahali pake hukirundika kwenye folda ya vilivyopotea na kuokotwa. Watu huona folda zao tupu baada ya ukarabati na kukata tamaa, kumbe barua ziko kwenye rundo hilo. Ikikuuliza kama itengeneze nakala kabla ya kuanza, kubali, hata kama tayari unayo yako.

Faili ya OST ni jambo jingine. Hiyo ni kivuli cha kisanduku cha seva, imefungamanishwa na wasifu ulioitengeneza, na Outlook haitakubali kuifungua kama PST kwenye kompyuta nyingine. Kama akaunti bado ipo kwenye seva, achana na OST, ingia kwenye akaunti. Kwa PST ambazo Outlook imezikataa, au usipokuwa na Outlook, kwenye Linux kuna programu ya readpst inayozigeuza kuwa mbox, umbizo la maandishi linalosomeka na programu nyingi.

Dalili: tarehe zimevurugika

Umehamisha kumbukumbu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na sasa barua za miaka kumi zote zinaonyesha siku moja. Barua hazijaharibika. Kila barua ina tarehe iliyoandikwa na mtumaji ndani ya kichwa chake (maelezo ya kiufundi yanayotangulia barua), na seva nayo huweka tarehe yake ya kupokea. Wakati wa kuhamisha, seva mpya imezipokea leo. Badilisha safu ya kupangia, kutoka tarehe ya kupokelewa hadi tarehe ya kutumwa, na mpangilio utarudi.

Outlook ina mtego unaofanana na huo: uhifadhi wa kiotomatiki hutazama pia siku barua ilipobadilishwa mara ya mwisho. Barua ya 2012 iliyoguswa na uhamishaji wa mwezi uliopita huhesabiwa kuwa changa, haihamishwi. Mtu hushangaa kwa nini kisanduku kimejaa na kumbukumbu haijai.

Dalili: barua imepatikana, kiambatisho hakipo

Soma mwili wa barua kwa makini. Je, kilikuwa kiambatisho kweli, au kiungo cha kwenda kwenye faili iliyoko wingu? Gmail, faili ikizidi MB 25, huigeuza kuwa kiungo cha Drive. Kumbukumbu yako ina anwani tu. Mtumaji akifuta faili, au akaunti yake ikifungwa alipoacha kazi, huna kitu. Kwa nyaraka za maana, pakua faili siku ileile unayopokea kiungo.

Ukikuta winmail.dat badala ya waraka, mtumaji alitumia Outlook katika umbizo lake maalumu. Waraka uko ndani, na zipo programu za bure za kuufungua.

Na kama unatafuta maneno yaliyomo ndani ya PDF iliyopigwa skani, mara nyingi utafutaji hautayaona, maana kwake hiyo ni picha. Tafuta kwa mtumaji, tarehe na uwepo wa kiambatisho. Kwenye Gmail andika has:attachment, kisha after:2018/01/01 before:2018/06/30, na orodha itapungua kiasi cha kupitiwa kwa macho.

Dalili: maandishi yamegeuka vurugu

Ukiona ngâ€™ombe mahali pa ng’ombe, barua iliandikwa kwa UTF-8 na programu inaisoma kwa usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) wa zamani. Badilisha usimbaji kwenye menyu ya kutazama. Usiihariri barua.

Ukifungua faili ya mbox kwa kihariri cha maandishi na kukuta mistari mirefu ya herufi na tarakimu zisizosomeka, huo ni usimbaji wa base64, hali ya kawaida ya kusafirisha barua. Kwa sababu hiyohiyo, kupekua faili hizo kwa grep, amri ya kutafuta maandishi ndani ya faili, huruka barua nyingi. Zipakie kwenye programu ya barua, ndiyo inayojua kuzifumbua.

Barua zilizosimbwa kwa siri, kwa njia ya S/MIME au PGP, hazina njia ya mkato. Unahitaji ufunguo uliotumika wakati ule, hata kama cheti chake kimekwisha muda. Usifute funguo za zamani.

Ikiwa kweli imefutwa

Gmail hufuta vilivyomo kwenye Tupio na Barua Taka baada ya siku 30. Kwenye mifumo ya ofisi inayotumia Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft, vilivyoondolewa hata kwenye pipa huweza kuokolewa kwa siku 14 kwa kawaida, na msimamizi anaweza kuongeza hadi 30. Kwa hiyo mpigie msimamizi leo, usingoje wiki ijayo. Akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili nayo inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, sera iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa 2023. Familia zenye barua za marehemu zinapaswa kulijua hili mapema.

Kama uliwahi kutumia POP3, njia ya zamani ya kupokea barua, kumbuka kwamba kwa desturi ilishusha barua kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva. Seva tupu si ushahidi kwamba barua hazipo. Tafuta kompyuta iliyokuwa ikizishusha.

Halafu kuna nakala usizozimiliki. Barua uliyopokea iko kwenye zilizotumwa za mwenzako, na kwa waliotiwa kwenye nakala. Majibu ya baadaye mara nyingi hubeba barua ya kwanza mkiani, ikiwa nzima. Tafuta jibu la mwisho la mazungumzo yale, ushuke hadi chini kabisa.

Ukishaipata, itoe humo. Ihifadhi kama faili ya EML, umbizo la barua moja nzima, pamoja na viambatisho vyake, si picha ya skrini wala PDF peke yake, kwa sababu EML hubaki na kichwa kamili chenye njia iliyopitia na tarehe zake. Kwa kisanduku kizima cha Gmail, Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data yako, hukupa faili ya mbox ambamo lebo zako zimeandikwa ndani ya kila barua kwenye mstari wa X-Gmail-Labels. Ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, bila intaneti, utafute barua tatu unazozijua: moja ya zamani sana, moja yenye kiambatisho, moja uliyoituma wewe. Moja ikikosekana, usifute chochote kwenye akaunti mpaka ujue kwa nini.